Maswali Yenu kwa Sonara: Pete ya Kwenye Simu, Kalibu ya Kuibia na Shanga za Wenyewe

Barua za mwezi huu zimetoka kwa mafundi wa vito, wateja wao na wauzaji wa soko, kuanzia Ngara hadi Kibera. Karibu zote zinauliza jambo moja: kazi iliyofanana na ya mwingine ni ya nani? Tumechagua sita. Mengine tumeyajibu kwa urefu kwa sababu yanahitaji, mengine hayana mengi.

SWALI: Wateja wananijia na picha kwenye simu: "Fundi, nataka hii hii." Mara nyingi ni pete ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Nikikataa, mteja anavuka barabara na pesa zake. Nifanyeje? (Fundi, Ngara)

JIBU: Usikatae, wala usikubali kabla hujajua anachokipenda kwenye picha hiyo. Mwambie akuonyeshe kwa kidole. Wengi watagusa kitu kimoja tu: jiwe lilivyoinuka juu, mwili wa pete ulivyo mwembamba, au rangi. Pete yenyewe, na jina la aliyeitengeneza, havimhusu sana.

Kisha itenganishe picha hiyo. Toa kwanza vilivyo vya wote. Jiwe moja lililoshikwa na makucha sita na kunyanyuliwa juu ya mwili wa pete ni umbo ambalo Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, waliliingiza sokoni mwaka 1886, na leo masonara wa dunia nzima wanalitumia. Bangili ya mviringo ni ya wote. Mkufu wa vipande vinavyojirudia ni wa wote. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kuogopa. Ukibakiwa na bangili iliyozungushiwa vichwa vya skrubu, hiyo ni Love, ambayo Aldo Cipullo aliibuni mwaka 1969 na Cartier wanaiuza hadi leo. Ukibakiwa na ua la majani manne lenye ukingo wa vitone vya dhahabu, hiyo ni Alhambra ya Van Cleef & Arpels, ya tangu 1968. Mtu yeyote anayejua vito akiiona mkononi mwa mteja wako atataja jina la kampuni kabla ya kuuliza bei. Kazi ya namna hiyo iache ipite.

Kuna jambo la ufundi ambalo mafundi wengi hulipuuza: picha haisemi ukweli wote. Haikuonyeshi upande wa chini wa jiwe, unene wa chuma, wala chuma chenyewe ni kipi. Makucha ya milimita 0.7 au 0.8 unayoyaona kwenye jiwe la milimita 6.5 huenda ni ya platinamu, chuma kinachokubali kukunjwa juu ya jiwe na kubaki pale pale. Ukiyatoa kwa fedha ya 925 kwa unene huo huo, yatanasa kwenye sweta, yatafunguka, na baada ya miezi michache jiwe litapotelea kwenye matatu. Mwiga tembo hupasuka msamba. Kwa fedha, jiwe la ukubwa huo lipe makucha ya milimita 1.1 hadi 1.2, na upande wa kiganja usiuache mwili wa pete uwe mwembamba kuliko milimita 1.5. Ukishaongeza unene huo, pete tayari haifanani na ya picha, kwa hiyo ni afadhali uichore upya kuliko kulazimisha mfanano.

Jiwe nalo. Pete nyingi za kwenye simu zimebuniwa kwa almasi, ambayo ugumu wake kwa kipimo cha Mohs ni 10. Mteja wa hapa anataka tanzanaiti au tsavoraiti. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7, ina upande ambao hupasuka kwa urahisi ikigongwa, na haistahimili joto la ghafla. Muundo unaobana jiwe kati ya ncha mbili za pete bila makucha unaifaa almasi, lakini tanzanaiti utaivunja mezani kwako mwenyewe, na gharama ni juu yako. Ipe ukingo wa chuma unaoizunguka pande zote, au makucha yenye ukuta mdogo wa chuma wa kuilinda pembeni. Tsavoraiti ina nguvu zaidi kidogo (7 hadi 7.5), ila nayo usiipige moto. Ukihitaji kulehemu, toa jiwe kwanza.

Baada ya mazungumzo hayo mchoree mteja michoro mitatu kwa ukubwa halisi, ukianza na jiwe alilo nalo. Simu aiweke mfukoni wakati unachora. Pokea malipo ya michoro kando na malipo ya kazi, hata kama ni kidogo, kwa sababu mchoro wa bure hupelekwa duka la pili kuulizwa bei. Akishachagua mmoja, tengeneza mfano wa shaba njano au wa nta auvae kidoleni. Ni hapo anaposema "ongeza hapa, punguza pale", na kufikia mwisho wa maongezi hayo pete imekuwa yake.

SWALI: Nasikia ukibadilisha asilimia 20 ya muundo huwezi kushtakiwa. Wengine wanasema 30. Ipi ni kweli? (Mwanafunzi wa usanifu wa vito, Nairobi)

JIBU: Hakuna iliyo kweli. Hakuna sheria ya Kenya yenye asilimia hiyo, na hakuna atakayekaa na rula kupima. Kinachoangaliwa ni kama umechukua sehemu ya maana ya kazi ya mwenzako, na kama macho ya mnunuzi yataona kitu kile kile. Unaweza kubadilisha robo tatu ya pete, ukaacha ile robo inayoitambulisha, na bado ukawa umeiba. Unaweza pia kuacha karibu kila kitu kama kilivyo bila kumkosea mtu, ikiwa ulichokiacha ni pete ya ndoa ya duara isiyo na kitu.

Kubadilisha rangi ya jiwe, saizi, au dhahabu nyeupe kuwa ya njano hakuhesabiwi chochote.

SWALI: Nauza hereni za shaba njano kwenye Maasai Market. Umbo ni langu, nilikata mfano wa kwanza kwa msumeno na tupa miaka miwili iliyopita. Sasa kuna meza ya pili inauza zile zile kwa nusu bei. Nina hakika walinunua jozi yangu wakaipigia kalibu. Nitathibitisha vipi, na niende wapi? (Mama muuzaji, Kibera)

JIBU: Mama, kalibu, yaani mpira unaochukua umbo la kitu ili nta na kisha chuma vitoke na umbo hilo hilo, huacha alama, na alama zake zinapimika. Nunua jozi moja ya kwao, udai risiti au ulipe kwa simu ili ujumbe wa malipo ubaki. Usitangulie kugombana, wakishtuka wataondoa mali mezani.

Chukua kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo) na upime sehemu tano au sita: urefu, upana mkubwa, kipenyo cha tundu, unene, umbali kati ya mapambo mawili. Mpira wa kalibu unaopikwa kwa joto la karibu sentigredi 150 hunywea unapopoa, nta hunywea, na chuma nacho hunywea kikiganda. Jumla yake kwa kawaida ni kati ya asilimia 3 na 6 kwa kila upande. Kwa hiyo hereni yako ya milimita 50 itatokea ya 47 au 48, na vipimo vyote vitakuwa vimepungua kwa uwiano mmoja. Mtu aliyechora umbo lake mwenyewe hawezi kupata uwiano huo kwa bahati. Wakitumia silikoni baridi isiyopikwa, kunywea ni kidogo, lakini hakuishi kabisa kwa kuwa nta na chuma bado vinanywea.

Uzito usiuamini sana. Kwa hesabu, asilimia 5 ikipungua kila upande hufanya uzito upungue kwa takriban asilimia 14, hivyo jozi ya gramu 8 ingetoka na gramu 6.9. Lakini shaba yao huenda haina mchanganyiko sawa na yako, na kung'arisha hula chuma. Weka vipimo mbele, uzito uwe nyongeza.

Ushahidi ulio mzuri kuliko wote ni makosa yako mwenyewe. Kwenye mfano wa kwanza lazima kuna mahali tupa iliteleza, au pembe moja si sawa na nyingine. Tafuta kasoro hiyo kwenye hereni zao kwa lenzi ya mara kumi. Ikiwa ipo pale pale, imefifia na kingo zake zimelainika, huyo hakuchora. Angalia pia mstari mwembamba pembeni ambapo vipande viwili vya kalibu hukutana, na vitundu vya hewa vilivyozibwa kwa kung'arishwa. Yule mfano wa kwanza usiuuze kamwe, hata ukilazwa njaa. Ufunge na michoro, picha zenye rula na tarehe, na risiti za shaba.

Kuhusu mahali pa kwenda: hakimiliki yako ilizaliwa siku ulipomaliza mfano, bila kusajiliwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazitaja kazi za ufundi wa kisanaa na za mikono, mradi umetumia juhudi ya kutosha kuipa kazi sura yake yenyewe. Hata hivyo, sajili kazi hiyo kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Cheti hakikupi haki mpya, ila hukuondolea kazi ya kujieleza. Anza na barua ya wakili, yenye jedwali la vipimo na picha za hereni mbili zikiwa sambamba. Wengi huacha wakiona jedwali. Wasipoacha, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa kwa sheria ya 2008, hupokea malalamiko kama haya.

Hereni hizi zimekuwa sokoni miaka miwili, hivyo usipoteze pesa kuzisajili kama muundo wa viwanda, kwa kuwa sheria hudai muundo uwe mpya. Toleo lako lijalo ndilo la kupeleka KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, ofisi zao zipo Barabara ya Popo, South C, na ulipeleke kabla halijagusa meza wala Instagramu. Andaa picha au michoro safi kutoka pande zote: mbele, nyuma, juu, chini, kushoto, kulia, bila kivuli na bila mkono wa mtu. Taja aina ya bidhaa. Vito vipo daraja la 11 la uainishaji wa Locarno, orodha ya kimataifa ya aina za miundo. Ukikubaliwa, ulinzi ni miaka 5, unaongezwa mara mbili kwa miaka 5 mingine, jumla 15. Ukiwa na wateja wa nje, kumbuka una miezi 6 tangu tarehe ya ombi la Kenya kuomba katika nchi nyingine ukihifadhi tarehe ile ile ya kwanza.

Kosa la kawaida ni kutaka kusajili kifungo cha hereni au bawaba ya bangili kama muundo. Umbo linalotokana na kazi ya kifaa peke yake halilindwi kwa njia hiyo. Kama bawaba yako ni mpya kweli, iombee hati ya modeli ya matumizi, inayolinda namna kifaa kinavyofanya kazi, ambayo hudumu miaka 10 na haiongezwi.

SWALI: Mteja ameleta hereni moja ya dhahabu, ya pili imepotea. Anataka niipigie kalibu nitoe mwenzake. Hilo nalo ni wizi? (Fundi, Moi Avenue)

JIBU: Kumrudishia mtu jozi yake si biashara ya kunakili, na hakuna atakayekusumbua kwa hereni moja. Kalibu ivunje mbele yake ukimaliza.

Chunga mambo mawili. Ya kwanza ni kunywea tulikokueleza juu: pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 17.3 ikinywea kwa asilimia 5 hutoka na 16.4, karibu saizi nzima chini. Hereni nayo itaonekana ndogo ikikaa na mwenzake. Jenga nta kwa kuipaka tabaka jembamba nje, au mchonge mwenzake kwa mkono kutoka mwanzo, ambavyo mara nyingi ni haraka zaidi. Ya pili ni mihuri. Kalibu hunakili kila kitu, pamoja na 750 au jina la kiwanda lililopigwa nyuma. Umimine dhahabu ya karati 14 kwenye kalibu hiyo, na umeshatoa hereni inayojiita ya karati 18. Hapo suala la muundo limekwisha, limebaki la udanganyifu. Jaza muhuri kwenye nta kabla ya kumimina, kisha piga wako wa kweli.

Na tukiwa kwenye majina: Tiffany walipoyashtaki maduka ya Costco huko Marekani mwaka 2013, ugomvi haukuwa makucha sita. Ulikuwa neno "Tiffany" kwenye vibandiko vya kabati. Mwaka 2017 Costco waliamriwa walipe zaidi ya dola milioni 21, rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2020, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana nje. Miaka minane ya mawakili kwa ajili ya neno. Kwenye kabati lako andika "pete ya jiwe moja, makucha sita" na ulale usingizi.

SWALI: Nilimlipa sonara anibunie pete ya uchumba kutokana na wazo langu, maua ya jakaranda. Miezi minne baadaye naiona dirishani kwake, inauzwa kwa kila mtu. Ana haki? (Bibi harusi, Embakasi)

JIBU: Dada, hapa sheria iko upande wako kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao walikubaliana vingine. Kwa hiyo tafuta karatasi mlizoandikiana. Kama nyuma ya risiti kuna mstari unaosema michoro inabaki mali ya duka, mambo yanageuka. Kama hakuna, muandikie aiondoe.

Mipaka ipo. Wazo la jakaranda halina mwenyewe; Nairobi nzima huwa ya zambarau kila Oktoba. Kilicho chako ni pete hiyo jinsi ilivyochorwa. Akitengeneza nyingine yenye maua ya jakaranda yaliyopangwa kwa namna tofauti, huna la kumdai. Na kama ulichagua pete kutoka kwenye daftari lake ukabadilisha jiwe tu, uliagiza bidhaa, hukuagiza kubuniwa.

Mafundi wanaosoma hapa: mstari mmoja kwenye fomu ya oda unatosha. "Muundo huu ni wa mteja, fundi hatatengeneza mwingine kama huu." Au, "Muundo unabaki kwa fundi; mteja anaruhusiwa kuvaa, kuuza na kurithisha pete hii." Bei ya kwanza iwe juu ya bei ya pili. Na anayeajiri wabunifu wa kompyuta ajue kwamba kazi ya mwajiriwa huenda kwa mwajiri, ila anayetumia vibarua wa nje ni vyema aandikiane nao karatasi.

SWALI: Nataka kutengeneza mikufu bapa ya dhahabu na tsavoraiti iliyochukua umbo la shanga za Kimaasai, na pete za fedha zenye vipande vya sahani za zamani kama za Lamu. Vyote ni vya jadi, havina mtu mmoja mwenye navyo. Niko huru? (Mbunifu, Kilimani)

JIBU: Kukosa mtu mmoja hakumaanishi havina wenyewe. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inaipa jamii haki ya kuombwa ridhaa kabla ya mtu wa nje kutumia mali yake kibiashara, na Katiba, Kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Ukitaka mikufu hiyo, kaa na kikundi cha akina mama wanaoitengeneza, na serikali ya kaunti ijue. Andikeni ni umbo lipi, kwa muda gani, sehemu gani ya mauzo inarudi kwao, na jina la nani litawekwa kwenye kibandiko. Usiishie kumlipa mama mmoja sokoni na kupiga naye picha. Hana mamlaka ya kuuza kilicho cha wengi. Waulize pia mpangilio wa rangi. Hutofautiana kati ya kundi moja la Wamaasai na jingine, na mkufu uliochanganya unachekesha wenyewe hata ukiwa wa dhahabu.

Kiufundi, shanga za kioo za mkufu bapa hupangwa kwenye waya, mistari ikitenganishwa na vipande vigumu vyenye matundu vinavyozuia isikunjane. Ukihamia dhahabu usizisahau hizo nafasi, maana bila vitenganishi mkufu utajikunja kama sinia iliyokanyagwa. Tsavoraiti nazo zipange kwa saizi moja. Tofauti ya milimita 0.2 huonekana kwenye mstari ulionyooka.

Pete za Lamu ni jambo tofauti kidogo. Masonara wa huko huweka vipande vya kauri za kale, nyingi zikiwa za Kichina, kwenye fedha, na kazi hiyo hainakili mtu fulani. Usiziuze tu kama "za Lamu" ikiwa zimetoka Industrial Area. Hatari kubwa iko kwenye kigae chenyewe: kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na kigae ulichookota kwenye magofu hakiwezi kuwa pete ya kupelekwa nje bila kibali. Tumia sahani zilizovunjika za jana. Kata kwa diski ya almasi huku maji yakitiririka, kisha lainisha ukingo kwa msasa wa 400 uliolowa, ukiuinamisha kidogo kuelekea ndani. Ukiuacha wima, rangi ya juu ya kauri hubanduka pale unaposukuma ukingo wa fedha. Ukingo huo uwe wa milimita 0.3 hadi 0.4, ukizidi hapo utalazimika kusukuma kwa nguvu, na kigae kitaachana katikati.